Ukumbi Utafunguliwa Saa Nne

Jumatano, 5 Machi

Dada,

Msoma mita akikufikishia kifurushi hiki, mpe maji kwanza ndipo umuulize habari. Safari iliyopita alinilalamikia kwamba dada yangu humhoji mtu kama polisi hata pikipiki haijazimwa.

Ndani mna nakala mia nne za Taarifa ya Msimu wa Joto. Nimezifunga mwenyewe. Ziweke mlangoni pa duka, chini ya ule mkasi wako mbovu zisipeperuke, kila apitaye achukue yake. Mwaka huu Mkuu wa idara ameniruhusu niweke jina langu mwishoni. Ni herufi ndogo za kusomwa kwa tochi, lakini ni jina. Mwonyeshe Baba.

Mengine utayasoma: watoto wasiachwe ndani ya magari, wazee wasitoke juani kuanzia saa nne hadi saa kumi, bwawa la kuogelea halina mwokoaji siku za Jumapili, gari la takataka limehamia Ijumaa. Watu watalalamika kuhusu takataka. Waache walalamike, ndiyo michezo yao.

Sasa soma hapa taratibu, na ukimaliza usimsomee mtu. Ukurasa wa pili unasema Ukumbi wa Wazee utafunguliwa Jumatatu tarehe 10, saa nne asubuhi, wenye mafeni, maji baridi na muuguzi. Hautafunguliwa. Mafeni yaling'olewa Januari yakapelekwa chumba kipya cha mikutano cha madiwani. Tangi nalo likafuata. Muuguzi kahamishwa. Kilichobaki pale ni kufuli. Unajua jinsi tunavyoitengeneza karatasi hii: tunachukua ya mwaka jana, tunabadilisha tarehe, basi. Nilipomwambia Mkuu, akasema imeshakwenda kwa mpiga chapa na hatuchapi mara mbili.

Kwa hiyo Baba asiende. Mkalishe nyumbani, mlowanishie shuka. Na jambo hili libaki kati yako na mimi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu na mwenye kusaini ni yeye. Sitaki kumwaga unga kwa sababu ya mafeni.

Mdogo wako,
Wino


Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu Wino,

Msoma mita alikunywa vikombe viwili, kisha nikamhoji. Anasema umenenepa. Nilimwambia ni kukaa.

Barua yako niliisoma jana saa sita mchana, nimesimama nyuma ya pazia la kupimia nguo. Baba hatakwenda. Nimetundika shuka bichi dirishani na miguu yake iko ndani ya beseni la maji. Ananiambia namfanya kama mbegu ya maharage ya somo la sayansi. Jina lako kalisoma kwa kioo cha kukuzia, akalipitisha kwa kila mteja aliyeingia. Mteja mmoja alikuja kupunguza kiuno cha sketi, akaondoka akijua historia yako yote tangu ulipoota meno.

Ila kazi uliyonipa si nzuri, nakwambia wazi. Nimeshika karatasi kwa mkono mmoja, siri kwa mkono mwingine, na wote wanaokuja ni watu ninaowajua. Saa tisa nani aliingia? Mwalimu. Yeye mwenyewe, na mkoba wake wa kamba. Alichukua mbili, moja ya kusoma na moja ya kusahihisha. Akasimama palepale penye cherehani akaenda moja kwa moja ukurasa wa pili, akaniuliza, "Ukumbi ni uleule wa mwaka jana?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Mwalimu."

Akasema afadhali, maana mabati ya nyumba yake siku hizi yanampika. Akanishika shavu kama nilipokuwa darasa la pili, akatoka.

Wino, huyu ndiye aliyekufundisha kushika kalamu. Amefundisha mtaa mzima, lakini wewe alikufundisha na Jumamosi, bila kuombwa, baada ya mama kufariki. Niruhusu nimwambie yeye peke yake. Ana siri kuliko benki. Barua ikikufikia leo jioni, nipigie simu dukani, sema neno moja tu, "mwambie," nami nitaelewa. Jumatatu haiko mbali.

Dada yako,
Fundi


Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu Wino,

Nimepata Taarifa yako kwa dada yako jana na nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa miwani, mara ya tatu kwa kalamu nyekundu. Nakala iliyosahihishwa nimeiambatanisha humu. Usinune. Umeandika "wananchi wanaombwa" mara kumi na moja katika kurasa nne. Mwananchi akiombwa mara kumi na moja hujiona anadaiwa. Mwombe mara mbili, kisha mwambie.

Ukurasa wa bwawa la kuogelea ni mzuri sana. Umesema kweli kwamba mwokoaji hayupo Jumapili, hukuzunguka mbuyu. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha. Habari mbaya isemwe mapema na kwa sentensi fupi.

Habari ya ukumbi nimeona ni neno kwa neno kama ya mwaka jana. Kwanza nikataka kukukata alama moja kwa uvivu. Halafu nikajiambia, kama jambo ni lilelile, kwa nini maneno yabadilike? Najua usingeliacha hapo kama lisingekuwa kweli.

Nitakwenda Jumatatu. Daktari ameniambia presha yangu na joto hili havipatani, nami nyumbani nimebaki na kipande cha boksi cha kujipepea. Ulivyoandika tubebe chupa tupu kwa sababu maji yapo, nimeshaiosha ya kwangu. Nitafika mapema nipate kiti cha karibu na feni, maana wazee wenzangu, nakwambia kwa siri, wana vurugu kuliko darasa la kwanza.

Binti yangu alitaka kuja kunichukua nikakae kwake wiki hizi. Nimemwambia asiache zamu zake za ukunga kwa ajili yangu. Nimemsomea karatasi yako kwenye simu. Nimemwambia mwanafunzi wangu amepanga kila kitu.

Shati lako lilikuwa na wino mwingi kuliko daftari. Tazama ulipofika.

Mwalimu wako


Jumanne, 11 Machi

Wino,

Nimekupigia mara saba jana na leo. Barua hii inaletwa na dereva wa gari la wagonjwa, anarudi makao makuu na gari tupu.

Mwalimu amefariki. Jana. Alifika ukumbini kabla ya saa nne, unamjua, hajawahi kuchelewa popote. Akakuta kufuli. Akakaa kwenye benchi la saruji nje ya mlango, pale ambapo jua linapiga tangu asubuhi mpaka mchana, akasubiri. Muuza vocha aliyepita saa tano alimwambia, "Bibi, hapa siku hizi hapafunguliwi." Akamwonyesha karatasi. Akamwambia aliyeiandika ni mwanafunzi wake, labda mwenye ufunguo kachelewa tu.

Mfagiaji wa barabara ndiye aliyemkuta, saa nane. Kichwa kimeinama, karatasi iko mapajani. Mkobani mlikuwa na chupa. Imeoshwa vizuri na haina hata tone.

Unataka kujua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa dukani napiga pasi. Kutoka dukani kwangu mpaka ukumbini ni hatua mia tatu, leo nimezihesabu. Jumamosi nilijitia hamnazo, Jumapili nikajitia hamnazo, Jumatatu nikajiambia akikuta pamefungwa si atarudi. Nilikuwa nasubiri simu yako. Mwanamke mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nasubiri ruhusa ya mdogo wangu niseme maneno matatu: Mwalimu, ukumbi umefungwa.

Baba analia tangu jana. Anajua amekufa. Hajui kwamba sisi tulijua.

Dada yako


Alhamisi, 13 Machi

Dada mpendwa,

Pole. Pole sana, na pole kwa Baba. Sijui nianzie wapi. Simu sikupokea kwa sababu tangu Jumatatu mchana nimekuwa nikiingia na kutoka ofisini kwa Mkuu, na simu za ofisi zina masikio.

Halmashauri imeunda kamati ya uchunguzi. Itaketi huko kwenu Jumanne tarehe 25, ndani ya ukumbi wenyewe. Mafundi wanakuja wiki ijayo kurudisha mafeni. Mimi nimepewa kazi ya kuandika tamko. Nakunakilia sehemu yake usije ukaisikia kwa watu: "Marehemu, aliyekuwa na umri mkubwa na maradhi ya muda mrefu, alitoka nje katika saa za jua kali, kinyume cha ushauri uliotolewa katika ukurasa wa kwanza wa Taarifa." Najua linavyosikika. Lakini ukurasa wa kwanza kweli unasema wazee wasitoke kuanzia saa nne. Sentensi si ya uongo.

Dada, mimi sikujua kama Mwalimu angekwenda. Ningejua, ningefanya kitu. Wazee wangapi husoma karatasi zile? Watu wengi hufungia nazo vitu.

Nakuomba jambo moja. Barua yangu ya tarehe 5, ichome. Haitamrudisha mtu, maji yaliyomwagika hayazoleki. Ikionekana, itakuwa mimi na wewe, si mimi peke yangu. Wewe ndiye uliyezigawa.

Mdogo wako,
Wino


Ijumaa, 14 Machi

Wino,

Mimi ndiye niliyezigawa. Ahsante kwa kunikumbusha, nilikuwa nimesahau kwa muda wa kufumba jicho.

Tamko lako nimelisoma. Umeupata ufundi: kitambaa cha mtu mwingine, umekikata ukamshonea marehemu kosa. Halafu unaniambia sentensi si ya uongo. Na mimi yangu haikuwa ya uongo, "Ndivyo ilivyoandikwa, Mwalimu." Baba alitulea vizuri, hatusemi uongo.

Sasa nisikilize. Binti yake amekuja, yule mkunga. Amelala nyumba ya mama yake siku nne, chini ya mabati yale. Jana alikuja dukani na daftari. Unamjua Mwalimu, hakuwahi kuandika barua bila kuiandika kwanza daftarini, akaisahihisha, ndipo akainakili. Binti yake akaniwekea mezani: "Mwanangu Wino." Nimeisoma yote. Nitakwenda Jumatatu, anasema. Chupa ameshaiosha, anasema. Kampa msoma mita asubuhi ileile niliyompa ya kwangu.

Nikamwita msoma mita. Safari hii sikumpa maji kwanza. Anaapa alikukabidhi zote mbili mkononi, Ijumaa saa tisa alasiri, ukatia saini kitabuni kwake.

Na wewe unaniandikia kwamba hukujua.

Barua yako ya tarehe 5 sijaichoma. Nataka jibu, na usinifungulie tena na "mpendwa."

Dada yako


Jumatano, 19 Machi

Dada,

Nilizipata.

Ya kwako nilisoma kwanza, nikanyanyua simu. Nilipiga tarakimu tatu. Halafu nikafungua ya Mwalimu nikaona ile nakala imejaa wino mwekundu, na pale penye ukumbi hapana alama yoyote. Na barua yake inasema, "Najua usingeliacha hapo." Nikairudisha simu. Kama wewe ungemwambia, angejua kwamba niliandika nikijua. Nilitaka aendelee kunidhania vizuri angalau mpaka Jumatatu. Nilijiambia atakuta kufuli, atakasirika, atarudi nyumbani, ataniandikia barua kali, nami nitamjibu kwamba ni makosa ya mpiga chapa. Jibu hilo nilikuwa nimeshaliandika, Dada. Nililiandika Jumapili, nikaliweka kwenye bahasha. Muda wa kuandika uongo huo nilikuwa nao, na simu ilikuwa mezani.

Na kuna lingine, bora ulijue lote. Mkuu sikumwambia. Nilikuandikia kwamba nilimwambia kwa sababu nilitaka uone nimejaribu. Ukweli ni kwamba niliuona mstari ule siku moja kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Mkuu akapita, akachukua karatasi, akaniuliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, Mkuu." Kwa sababu kuufuta kungemlazimu kueleza madiwani mafeni yako wapi, na mtu anayemletea Mkuu shida mwezi wa mkataba ni mjinga. Hakuna aliyenitisha wala kuniagiza. Ilikuwa ni kukata mstari mmoja tu.

Tangu hapo sili vizuri. Najua hili si jambo la kukuambia wewe.

Nitasema mwenyewe, nakuapia. Ila subiri mwezi uishe. Mkataba ukishasainiwa tarehe 31 nitaandika kila kitu kwa mkono wangu, hata kama watanifukuza baadaye. Kamati ikiketi tarehe 25, usiseme kitu. Ni siku sita tu za kusubiri. Nakupigia magoti.

Wino


Ijumaa, 28 Machi

Wino,

Sikusubiri. Nimeshasubiri mara moja, nikaona inavyokuwa.

Jumatatu, siku moja kabla ya kikao, nilimpelekea binti yake Mwalimu barua zako mbili, ya tarehe 5 na ya tarehe 19. Nilifikiri atapiga kelele. Alizisoma kwa mpangilio, akazisoma tena, kisha akaniuliza kama muuguzi anayejaza fomu.

"Hii ya kwanza uliipata lini?"

"Alhamisi tarehe 6."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na mama alichukua karatasi kwako saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akasema, "Saa tatu nzima ulikuwa nayo. Halafu siku tatu." Nikamwambia nilikuwa namlinda mdogo wangu. Akasema, "Na mimi nilikuwa na mama."

Jumanne kikao kikaketi. Mafeni yote manane yanazunguka juu yetu, maji baridi mezani, wajumbe wakijipepea kwa Taarifa yako kwa mazoea tu. Binti yake alisimama akasoma barua zako kwa sauti, zote, bila kuruka hata pale unaponipigia magoti. Nilidhani Mkuu wako atatetemeka. Hakutetemeka hata kidogo. Binti alipofikia "Iko sawa, Mkuu," mzee yule akaketi vizuri, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba. Aliposimama alisema, "Mmesikia wenyewe. Niliuliza, nikajibiwa iko sawa." Kamati ikaandika. Habari ya nani aling'oa mafeni haikuulizwa tena. Umemsafisha kwa mwandiko wako, na mimi ndiye niliyemletea sabuni.

Kwa hiyo mkataba wako nadhani unajua. Nimesikia barua ya kukuachisha kazi ilitangulia hata wajumbe hawajafika makao makuu. Sifurahi. Nilitaka watu wawili waanguke, kaanguka mmoja, na ndiye niliyemfulia nepi.

Hapa dukani nguo zimepungua. Hakuna anayenitukana. Wanaingia, wanachukua kilicho chao hata kama hakijaisha, wanasema watamalizia nyumbani. Muuza vocha alinipita jana akaninyooshea mkono kuelekea ukumbini. Wazee sasa wanakwenda pale kila siku. Maji yapo, muuguzi yupo. Inaniuma kila nikiwaona wanapita na chupa zao.

Baba nilimwambia mwenyewe, asije akasikia kwa wateja. Aliitoa miguu yake kwenye beseni, akajifuta, akauliza, "Mimi mkanizuia, yeye mkamwacha aende?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hanywi maji nikimpa mimi. Anajichotea, polepole, akitembelea fimbo yake, na nusu inamwagika njiani. Jina lako kalikata kwenye karatasi kwa mkasi wangu. Sijui kaliweka wapi na sijamuuliza.

Msoma mita ameniambia unauliza kama uje. Kabla ya kuondoka, binti yake alipita dukani akaomba jambo moja, kwa adabu, kama mama yake. Ameomba wewe na mimi tusikanyage kaburini kwa Mwalimu. Si mwaka huu wala mwaka ujao. Nimemkubalia kwa niaba yetu wote wawili.

Baba yeye karuhusiwa. Jana nilimsindikiza mpaka langoni, akaingia peke yake.

Dada yako